Fedha Mkononi na Daftari Mbele ya Mungu



Kila mwaka, katika nchi ya pwani ya kusini, tangu Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko hata Lindi mjini, na bara yake mpaka Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kuna miezi ambayo fedha huja kama mvua ya masika. Ufuta ukisha kuvunwa na kupelekwa maghalani, minada hushika kasi mnamo mwezi wa Juni. Na korosho nazo hufuata tangu Oktoba. Mkulima aliyekaa miezi mingi akipika kwa kupima kwa kiganja, ghafula hupata habari kwamba fedha zake zimeingia benki. Huenda mjini, husimama katika safu ndefu, kisha hutoka na bunda la noti ambalo mfano wake hakuushika tangu msimu uliopita. Mara nyingi, kabla jua halijatua, bunda lile limekwisha geuka pikipiki mpya, au televisheni pana, au seti ya makochi ambayo mlango wa nyumba hauitoshi. Mwenye duka amezihesabu noti mara mbili, amezifungia sandukuni, na habari imekwisha.

Juma hili twataka kusema juu ya bunda lile. Hatusemi ili kuwacheka watu wa kusini. Katika msimu wa mwaka 2017/2018, korosho zilipopata bei nzuri na mavuno ya nchi yakapita tani 300,000, mizaha mingi ilienea juu yao, hata ikasemwa kwamba huko mbuzi hunyweshwa bia. Mizaha ya namna hiyo haitupendezi. Mtu wa mjini anayetoa mamilioni taslimu kwa ajili ya simu ya mkononi, au anayenunua gari kwa bahasha nene isiyo na maelezo, hachekwi. Tena husifiwa kuwa ni mtu aliyefanikiwa. Basi maneno haya ni yetu sote, wa shamba na wa ofisini, wa Kilwa na wa Mwanza, wenye kununua na wenye kuuza.

Kwanza tuseme lililo kweli, tusije tukamtwisha mtu dhambi asiyoitenda. Kulipa taslimu si kosa. Mtume Paulo awaasa Warumi wasikae na deni la mtu, isipokuwa deni la kupendana. Na mwenye kulipa papo hapo kwa jasho lake ni mtu huru kuliko mwenye kukopa ili aonekane. Wala kitu chenye thamani si kitu cha shetani. Mkumbukeni Maria wa Betania. Alichukua marhamu ya nardo, safi, ya thamani kubwa, akampaka Bwana miguu, na nyumba yote ikajaa harufu. Yuda akafanya hesabu upesi: marhamu ile ingaliuzwa kwa dinari 300. Nasi twajua kutoka katika mfano wa shamba la mizabibu kwamba dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja. Basi ile ilikuwa karibu mshahara wa mwaka mzima, umemwagwa kwa saa moja. Hata hivyo Bwana wetu hakumlaumu Maria. Alimtetea.

Kwa nini alimtetea? Marhamu ile ilikuwa mali yake mwenyewe Maria. Aliimwaga mbele ya watu wote, bila kificho. Tena aliitoa kwa upendo, wala si kwa kujikweza. Tazameni sasa yule aliyejifanya mtetezi wa maskini. Aliyekadiria marhamu kwa dinari 300 ndiye aliyemwuza Bwana wake kwa vipande 30 vya fedha. Navyo alivipokea taslimu, mbali na macho ya ndugu zake. Hapo twaona kwamba ubaya hauko katika wingi wa fedha wala katika uzuri wa kitu. Uko katika maswali ambayo mtu hayataki yaulizwe. Nayo maswali hayo, kwa maoni yetu, ni matatu: Fedha hii imetoka wapi? Ni ya nani? Na kesho itatuacha vipi?

FEDHA HII IMETOKA WAPI?

Yuda aliporudisha vile vipande 30, makuhani wakuu walishikwa na shida. Wakaambiana kwamba fedha hiyo ni bei ya damu, haifai kuwekwa katika hazina ya Hekalu. Wakainunulia shamba la mfinyanzi. Ajabu iliyoje! Walipokuwa wakiitoa hawakuuliza kitu. Iliporudi, imechafuka, ndipo dhamiri ikaamka, tena ikatulia mara walipoigeuza kuwa ardhi. Basi tangu zamani watu wamejua hila hii: fedha yenye aibu ikigeuzwa kuwa kitu kinachoonekana, shamba, nyumba, chombo cha thamani, aibu hudhaniwa imekwisha.

Wenye kukaa Kilwa wana kitabu cha mawe mbele ya macho yao. Atakaye avuke kwa mashua kutoka Kilwa Masoko mpaka Kisiwani, apande kwenye ncha ya mwamba, ataona magofu ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Lilikuwa na vyumba zaidi ya mia, na birika la kuogea la pembe nane, likitazama bahari. Wala ujenzi wake haukukamilika. Siku zile dhahabu ya bara, iliyopita Sofala, ilifikia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Na kwa dhahabu na pembe walinunua sahani za Uchina, vyombo vya Uajemi, shanga na nguo za India. Vigae vyake vingali vikiokotwa mchangani. Mwaka 1981 magofu hayo, pamoja na ya Songo Mnara, yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia, na haki yake. Ni kazi ya mikono ya wazee wetu, nasi twajivunia.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, akamsifu sana Sultani yule kwa ukarimu. Asimulia kwamba siku ya Ijumaa, baada ya sala, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizozivaa. Sultani akarudi, akazivua, akampa. Hicho ni kitendo kizuri, nasi Wakristo tunaomsifu Mtakatifu Martino kwa kulikata joho lake hatuwezi kukidharau. Lakini sikilizeni mwisho wa kisa. Mwana wa Sultani alizitwaa nguo zile kutoka kwa fakiri, akamlipa watumwa kumi. Naye Sultani, aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe. Msafiri yule yule asema kwamba Sultani alikuwa akishambulia watu wa bara na kuleta mateka. Basi katika ukarimu wenyewe walikuwamo watu ishirini, wenye mama na baba, ambao hakuna aliyewauliza majina.

Haikuishia hapo. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, jina lake Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa siku zile apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka, kila mtu kwa piastre 20. Katika karne iliyofuata Kilwa Kivinje ikawa mlango mkuu ambao kwao mateka wa pande za Ziwa Nyasa walitolewa baharini. Milango ya nakshi, hariri na mikufu ya dhahabu ya siku zile ililipiwa. Na waliolipia ni wale waliotembea miguu, minyororo shingoni. Wala wa dini yetu wasiinue shingo. Kundi la merikebu lililoitwaa Kilwa kwa nguvu na kuipora mwezi wa Julai 1505 lilikuwa la Francisco de Almeida, Mreno na Mkristo, nalo halikulipa hata senti. Na yule Mfaransa alitoka katika nchi iliyobatizwa.

Mtakatifu Yohane, katika sura ya 18 ya Ufunuo, aonyesha wafanyabiashara wa dunia wakiulilia mji mkubwa ulioanguka, kwa kuwa hakuna tena anunuaye bidhaa zao. Kisha ataja bidhaa moja moja: dhahabu na fedha, mawe ya thamani na lulu, kitani na hariri, pembe za ndovu, manukato, divai, farasi na magari. Na mwisho kabisa wa hesabu ile, baada ya vitu vyote vya fahari, aweka miili na roho za wanadamu. Someni sura hiyo nyumbani. Mtu aliyeiandika alijua kusoma daftari la biashara mpaka mstari wa mwisho, mahali ambapo wengi wetu hatufiki.

Je, leo mstari ule umefutwa? Minyororo imekwisha, tumshukuru Mungu. Lakini fedha isiyotaka kuulizwa ingali ikitembea. Nyuma ya Kilwa na Liwale kuna pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu mwaka 2019. Katika miaka ya 1970 ndovu wa pande hizo walihesabiwa kupita 100,000. Sensa ya mwaka 2013 ikakuta takribani 13,000 tu. Pembe za ndovu wale wote hazikupotea hewani. Ziligeuka fedha, na fedha ikageuka magari na nyumba. Wala mwindaji haramu hakuandika hundi. Vivyo hivyo kiongozi wa chama cha ushirika anayepunguza kilo za mjane kwenye mizani, karani anayepokea bahasha ili faili lisogee, mweka hazina anayekopa mfuko wa jumuiya bila idhini: hao wote wakinunua kitu cha fahari hupenda kulipa taslimu, upesi, na bila stakabadhi. Giza ni rafiki wa noti kuliko wa karatasi nyingine yoyote.

Kwa sababu hiyo serikali nyingi zimeamka. Hapa kwetu, sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia fedha haramu iliweka chombo chini ya Wizara ya Fedha cha kupokea taarifa za malipo ya kutia shaka. Ufaransa hairuhusu mkazi wake amlipe mfanyabiashara zaidi ya euro 1,000 kwa fedha taslimu. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa mwaka 2024 imeweka mpaka wa euro 10,000 kwa nchi zake zote, kuanzia mwezi wa Julai 2027. Watunga sheria hao si watawa. Wamefundishwa na uzoefu kwamba mwizi huona tabu kuiba, lakini huona tabu zaidi kuitumia mali ya wizi bila kuonekana. Basi akinyimwa mahali pa kuitumia, nusu ya faida ya wizi imekwisha.

Hapa twawageukia ninyi wenye maduka, ambao mara nyingi mahubiri hupita kando yenu. Mnasema: kazi yangu ni kuuza, si kuuliza. Ni kweli, hamkuwekwa kuwa mahakimu. Lakini kijana mnayemjua, asiye na shamba wala kazi, ajapo na bunda la mamilioni na kuomba msiandike stakabadhi, dhamiri yenu hunong'ona. Msijifanye viziwi. Andikeni stakabadhi kwa kila mtu, mkubwa na mdogo, na ambaye hataki stakabadhi mwacheni aende zake na fedha yake. Mtapoteza mteja, lakini anayepokea mali ya wizi huku akijua hakutofautiana sana na aliyeiiba, na Katekisimu yetu yafundisha kwamba mali isiyo ya haki haina budi kurudishwa kwa mwenyewe. Zakayo hakuitwa tu mezani. Alirudisha mara nne.

FEDHA HII NI YA NANI?

Tuseme sasa juu ya mtu mwaminifu. Huyu hakuiba, hakuua ndovu. Alilima ufuta, akaupalilia, akauvuna kwa haki. Je, anapotoka benki na bunda lake, hana swali la kujibu?

Analo. Nani aliamka alfajiri kupalilia? Nani alikata mashina, akayafunga miganda, akayasimamisha juani, akayapukuta juu ya turubai na kupepeta mpaka mgongo ukauma? Katika nyumba nyingi za pwani na za bara, kazi hiyo huifanya mke pamoja na watoto wakubwa kuliko mume; lakini jina lililoandikwa ghalani ni la mume, akaunti ni ya mume, na safari ya mjini ni ya mume peke yake. Mke huijua bei ya ufuta wake aonapo pikipiki inaingia uani. Tena ziko nyumba ambazo hakuona hata pikipiki. Aliambiwa tu kwamba fedha imekwisha, na baadaye akasikia kwamba imejenga nyumba nyingine kwa mwanamke mwingine.

Akina baba Wakristo, tuseme wazi: huko ni kuiba. Sakramenti ya ndoa imewafanya ninyi wawili kuwa mwili mmoja, na mwili mmoja hauna mikono miwili ambayo mmoja humwibia mwenziwe. Mwenye kununua kitu cha fahari kwa jasho la mkewe bila kushauriana naye amemnyang'anya ujira kibarua wake; na Mtume Yakobo aonya kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Kama ujira wa mgeni hulia, itakuwaje ule wa mama wa watoto wako?

Baada ya wa nyumbani, yupo na Lazaro mlangoni. Yule tajiri wa Injili ya Luka, aliyevaa zambarau na kitani, hatuambiwi kwamba alikuwa mwizi. Huenda kila kitu alikinunua kwa mali ya haki, na kulipa taslimu. Kosa lake lilikuwa kwamba alipita mlangoni pake kila siku, asimwone mtu. Mtakatifu Basili aliwafundisha Wakristo wa siku zake kwamba nguo iliyofungiwa kabatini ni ya mtu aliye uchi. Naye Papa Paulo VI, katika barua yake Populorum Progressio ya mwaka 1967, alikumbusha kwamba haki ya kuwa na mali si haki isiyo na mpaka, maadamu wengine wakosa mahitaji. Hatudai mkulima wa Kilwa agawe vyote. Twadai kwamba kabla bunda halijaisha, mzee mjane wa jirani awe amekumbukwa, na karo ya yatima wa ndugu iwe imetengwa.

Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika pwani hii, nao wafundishwa kwamba israfu ni dhambi na kwamba maskini ana fungu lake katika mavuno. Basi katika jambo hili hatuna la kugombana. Wazee wa kanisa na wazee wa msikiti waweza kukaa juu ya mkeka mmoja na kuwaonya vijana wao kwa sauti moja.

KESHO ITATUACHA VIPI?

Tufanye hesabu, maana wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa mtu aliyepata kilo 1,000 za ufuta, akauza kwa shilingi 3,000 kila kilo. Ana shilingi 3,000,000. Anunua pikipiki kwa 2,600,000 taslimu, kwa sababu mwenzake wa shamba la pili amenunua. Zinazobaki, 400,000, zapita katika nguo, sherehe, na wageni ambao wakati wa kupalilia hawakuwa na nafasi. Septemba fedha imekwisha. Januari shule zafunguliwa, sare na madaftari yatakiwa. Ghala ni tupu, na ufuta mpya ndio kwanza unapandwa.

Mnamo Februari huja mgeni mwingine, mpole, mwenye mizani yake au kopo lake. Watu wa korosho humwita kangomba. Wa ufuta humwita chomachoma. Asema: nipe ahadi ya ufuta wako, nikupe fedha leo. Mkulima ahitaji shilingi 300,000 ili watoto wale. Mgeni ampa, kwa bei ya shilingi 1,500 kila kilo. Maana yake, mwezi wa Juni zitatoka kilo 200 ambazo mnadani zingalileta shilingi 600,000. Kwa miezi minne amelipa mara mbili ya alichokopa. Hakuna benki iwezayo kuthubutu kutoza hivyo. Ule mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao kwa korosho ulianza msimu wa 2007/2008 ili kumwondolea mkulima mnyonyaji huyu, unavunjwa usiku na mkulima mwenyewe, kwa sababu ya njaa. Na njaa ile ilinunuliwa dukani mwezi wa Julai, ikapakiwa pamoja na makochi. Na pikipiki? Mara nyingi ndiyo ya kwanza kuuzwa, kwa nusu ya bei yake.

Tena bei haikai mahali pamoja. Mwaka 2018 wakulima wa korosho walikataa bei ndogo ya wanunuzi, hata mwezi wa Novemba Rais Magufuli akaamuru jeshi lizinunue kwa shilingi 3,300 kila kilo. Mkulima aliyekuwa amekula fedha ya msimu uliotangulia mpaka noti ya mwisho alijua siku zile maana ya kungoja. Na hewa nayo haina mkataba na mtu. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliipiga pwani hii. Barabara ya kutoka Dar es Salaam ilikatika Somanga, magari yakalala njiani, na vitu vikapanda bei. Siku kama hizo televisheni hailiwi.

Huenda mtu akajibu: padre, hata mkulima ana haki ya kufurahi. Amechakaa mwaka mzima. Hata kitu kimoja kizuri asikionje? Twajibu: anayo haki, na hatutaki kumpokonya. Mungu aliyegeuza maji kuwa divai huko Kana si adui wa furaha. Mwingine atasema: benki iko mbali, fedha ikikaa ndani huliwa na shida za ukoo, heri niigeuze kuwa kitu. Na hilo lina maana. Maskini wengi huweka akiba yao katika vitu, kwa kuwa kitu hakikopeshwi kwa urahisi kama noti. Lakini basi uchague kitu chenye kuweka: mabati ya nyumba, mbuzi wa kuzaa, kipande cha shamba, mashine ya kushona ya mke. Hata pikipiki, ikiwa itabeba abiria na kuleta chakula, ni jembe la chuma kama majembe mengine. Cha kuogopa ni kile kinachonunuliwa ili jirani anyamaze. Yule mpumbavu wa Injili, aliyevunja ghala zake ajenge kubwa zaidi, hakuhukumiwa kwa sababu ya mavuno mengi. Alihukumiwa kwa sababu katika mashauri yake yote hakumtaja mtu mwingine ila nafsi yake.

MASHAURI YETU

Maneno bila kitendo ni debe tupu. Basi twatoa mashauri machache, yawezayo kutendwa na kila familia msimu ujao.

Mume na mke wakae pamoja kabla ya kwenda benki, wala si baada ya kurudi. Wachukue daftari la shule, waandike kwa mpango huu: chakula mpaka mavuno yajayo, shule ya watoto, mbegu na dawa za shamba, madeni, fungu la Mungu na la maskini, akiba ya ugonjwa na ya mvua mbaya. Kinachobaki chini ya mstari ndicho cha kitu kizuri, nacho wakichague wote wawili. Kama hakibaki kitu, basi mwaka huu bado.

Waende mjini wote wawili, na wasitoe fedha yote siku moja. Fedha iliyobaki benki haiombwi na rafiki wa njiani, wala haianguki katika safari ya kurudi. Wanunuapo, wadai stakabadhi. Ni ulinzi wao siku kitu kitakapoharibika, na ni ushahidi wao kwamba hawana la kuficha.

Jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo hukutana kila juma kwa sala, zaweza mwezi wa Juni kuanzisha mfuko wa chakula: kila nyumba iweke kidogo wakati wa wingi, ili Februari ikopeshane yenyewe kwa yenyewe bila riba ya kuua. Haba na haba hujaza kibaba. Jumuiya itakayofanya hivyo kwa miaka mitatu itamfukuza chomachoma kuliko hotuba mia za wakubwa.

Ninyi viongozi wa ushirika na ninyi watumishi wa serikali, mfano wenu watembea mbele yenu. Mkulima akiona gari jipya la kiongozi wake lisilolingana na mshahara wake, hatasikiliza tena neno lolote juu ya uaminifu. Itazameni mizani yenu kana kwamba Kristo mwenyewe ameweka gunia lake juu yake.

Nanyi vijana, msimpime mtu kwa anachokalia wala kwa anachoshika sikioni. Msichana akimpenda kijana kwa ajili ya bunda la msimu, mapenzi hayo yatavunwa pamoja na ufuta, na kwisha pamoja nao. Mwulizeni mchumba wenu maswali yale matatu: imetoka wapi, ni ya nani, na kesho itatuacha vipi? Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha jibu.

Wasomaji wapenzi, siku ya mwisho Bwana hatatuuliza bei ya vitu tulivyokuwa navyo. Ametuambia mapema, katika sura ya 25 ya Mathayo, atakayoyauliza: njaa, kiu, uchi, ugonjwa, kifungo, ugeni. Noti zote zilizopita mikononi mwetu, na zile tulizozitoa gizani, zimeandikwa katika daftari lake. Heri mtu ambaye daftari la nyumbani kwake na daftari la mbinguni yasomeka sawasawa.

Mwenyezi Mungu ayabariki mashamba yenu ya ufuta na ya mikorosho, azibariki nyumba zenu, na awape akina baba na akina mama wa nchi yetu moyo wa kushauriana. Amina.